Kitanda cha Zhdankin

Jumatatu, 1 Juni 2009

Leo kikosi kimevunjwa. Kanali kasoma amri uwanjani kama anasoma bei ya viazi. Mwisho wa mwezi tunafunga geti.

Kikosi chetu! Kilizaliwa kwenye theluji ya mwaka arobaini na moja, na farasi na mikokoteni. Vijana wale walikwenda kwa miguu kutoka Volga mpaka Ujerumani. Miaka mingi baada ya vita ndipo tukapewa magari ya deraya, magurudumu manane, tukaitwa askari wa miguu wa magari. Mimi mwaka themanini na mbili nilivusha gari langu mtoni maji yakiwa juu ya paa. Kufika ng'ambo, ndani mna kambare mkubwa kama mbwa. Kombania nzima ilikula. Wapo wanaobisha — hawakuwepo.

Wengine wamelia. Mimi hapana. Uwanja ule una vumbi tu.

Jumatano, 3 Juni

Kaja meja kutoka makao makuu kuhesabu mali. Mtu wa miwani, mpole, chai yangu hakuigusa. Kahesabu magari, mabuti, masufuria. Kafika bweni la kombania ya kwanza, ninalolisimamia mimi, akasimama mbele ya kitanda cha dirishani.

Nikamweleza. Timofei Zhdankin, miaka kumi na tisa, aliuawa mwaka arobaini na tatu akilinda kivuko kwa bunduki ya mashine ili wenzake wapite. Tangu hapo hajafutwa kikosini. Kitanda chake kinatandikwa kila siku, hakilaliwi, hakikaliwi. Kila jioni jina lake linaitwa la kwanza. Naliita mimi. Askari aliye mwanzo wa mstari anajibu: alikufa kishujaa akiipigania nchi yake.

(Nilimwambia meja pia kwamba Zhdankin, nyati wa chuma yule, peke yake alizuia Wajerumani elfu mbili. Huenda walikuwa pungufu kidogo.)

Meja kasikiliza mpaka mwisho. Halafu kaandika: kitanda cha chuma, kimoja, chuma chakavu. Nikauliza, na jina je? Akasema jina si mali, hana pa kuliandika. Hakusema kwa ubaya.

Jumamosi, 6 Juni

Lyuda, binti wa dada yangu, karani wa kanali, kanifuata stoo. "Mjomba, Bibi Klavdia nani atamwambia?"

Bibi Klavdia ni dada yake Zhdankin. Amevuka themanini. Kila tarehe ishirini Juni, siku aliyokufa kaka yake, anakuja kwa basi kutoka kijijini na foronya mpya aliyoishona mwenyewe. Anaivisha mto, anasikiliza jina likiitwa, tunakula mikate yake ya kabichi, anarudi.

Nikasema nitampigia mimi, naogopa nini? Nikapiga. Nia yangu nimwambie asije, basi. Mdomo huu! Aliponiuliza tu kitanda hakijambo, nikajisikia nikimwambia kinakwenda Moscow. Makumbusho makubwa, ndani ya kioo. Na bendi itakisindikiza. Bendi sijui ilitokea wapi.

Kisha akasema basi lazima aje akiage.

Lyuda alikuwa anasikia yote. Kajishika kichwa.

Jumatano, 10 Juni

Nimezunguka mji mzima. Makumbusho ya hapa hawana nafasi, wana vitanda viwili vya mfanyabiashara fulani wa zamani. Shule imefungwa. Padri anasema kanisani hakuna malazi. Mke wangu kasema nikikiingiza nyumbani, nitakilalia mimi.

Mpiga tarumbeta wetu kahamishwa jana.

Ijumaa, 19 Juni

Treni imechukua vijana wa mwisho. Tumebaki mimi, Lyuda na Rinat mpishi, Mtatari, ulimi wake pilipili. Ananishauri nikamwambie bibi kwamba Moscow imehama. Na getini wamewekwa walinzi wageni, watu wa meja.

Bweni tupu. Kimebaki kitanda kimoja tu, dirishani. Jumatatu linakuja lori la chuma chakavu. Nimekitandika. Nimegonga kingo za blanketi kwa ubao mpaka zimesimama kama tofali. Hakuna anayeweza kingo kama zangu, toka hapa mpaka Bahari ya Pasifiki.

Jumamosi, 20 Juni

Kaja. Foronya mbili: moja ya safari, moja ya Moscow.

Kaliangalia bweni. Hakuuliza bendi. Nikaanza kueleza, bendi imetangulia, sijui jenerali, sijui mvua… Akasema, "Arkasha, mwanangu, pumzika kidogo."

Kavisha mto. Kataka jina liitwe. Jua bado lilikuwa juu, lakini tukapanga mstari: Rinat na aproni yake, Lyuda na viatu vya ofisini. Nikaita: askari Zhdankin! Rinat anamtazama Lyuda, Lyuda ananitazama mimi. Miaka yote naita, sijawahi kujibu. Nikajibu mwenyewe. Katikati ikabidi nifute macho. Bweni limekaa bila kufagiliwa, vumbi.

Halafu akakaa kitandani. Akakaa!

"Barabara ya Moscow inapita kwetu?" akauliza.

Haipiti. Kijiji chao kiko upande wa pili kabisa. Nikasema inapita.

"Basi kipite kwangu kwanza. Kipumzike. Moscow ni mbali."

Nikauliza, na jina?

"Nitaliita mimi jioni. Nililiita kabla yenu, nikimwita aje kula."

Rinat hakutania. Kaenda kuleta lori la jikoni.

Sasa tuko getini. Naandikia gotini. Kitanda kiko nyuma na magunia ya viazi, Bibi Klavdia kakaa katikati yetu, foronya ya pili mapajani. Mlinzi kataka karatasi ya kutolea mali. Hatuna. Kauliza kitanda cha nani. Nilikuwa na hadithi tatu tayari, zote nzuri. Nikasema, "Cha kaka yake huyu."

Kamtazama bibi. Kaingia kibandani kumpigia meja simu. Namwona kupitia kioo, kashika simu sikioni, anasubiri.

Rinat ananiuliza azime injini.

Nimemwambia asizime.