Kofia ya Mbunge na Mwezi wa Rondo

Kilwa Masoko
5 Machi 1972

Mpendwa Bibi Theresia,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya upepo wa huku pwani hayaniachi. Hofu yangu ni kwako na macho yako. Je, ule ukungu umepungua?

Bibi, kuna jambo linaninyima raha. Wenzetu wameshatembea mwezini, na sisi hata darasa la kusomea anga hatuna. Nataka serikali itenge fungu la kujenga kituo cha kuangalia nyota huko huko Rondo, juu, ambako hakuna taa za kulichafua giza. Kiwe na darubini kubwa, watoto wa Kusini yote waje kusoma. Bunge la bajeti linakaribia, na wa kulisema ni mbunge wetu, Ndugu Nassibu. Maelezo nimeyaandaa, nayarudia mbele ya kioo kila asubuhi mpaka mwalimu mwenzangu Evaristo ananiita Waziri wa Mwezi.

Lakini juzi mbunge alipofanya mkutano hapa, nilisimama, ulimi ukawa mzito, nikaishia kuuliza habari za korosho. Aibu niliyoipata, acha tu. Bila fungu hilo nitafundisha nyota kwa chaki mpaka nizeeke.

Niombee.

Mjukuu wako,
Valentini


Rondo
26 Machi 1972

Mume wangu Valentini,

Marahaba. Mimi nipo, magoti yanalalamika, mihogo imekubali. Macho usiulize. Barua hii naiandika mwenyewe. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima anasema herufi zangu zinatembea kama zimelewa, lakini si zimefika?

Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kulikoni. Mwanamume mzima, mbele ya Nassibu, unauliza korosho! Kwani hujui ukoo wake ni watani zetu tangu enzi za babu wa babu yako? Mama yake mkubwa, Bi Somoe, alikuja hapa siku ya msiba wa babu yako, akavaa suruali ya marehemu, akamwigiza anavyokohoa. Tulicheka huku machozi yanatutoka. Watu wale hatuogopani nao. Niachie mimi.

Ulipokuwa mdogo nilikubeba mgongoni jioni, ukanyoosha mkono uushike mwezi, ukalia ulipoukosa. Ukaniambia, "Bibi, nikikua nitakusogezea." Basi mimi bado nangoja, ila ukungu haungoji.

Mkeo,
Bibi


Kilwa Masoko
16 Aprili 1972

Bibi yangu,

Shikamoo tena. Nashukuru kwa barua, na herufi zako zimenifurahisha sana. Mimi mafua yamekwisha.

Ila nakusihi, jambo hili usilipeleke kwa utani. Ni jambo la serikali. Ukiliomba kwa mzaha atakujibu kwa mzaha, kisha litasahauliwa nami nitakuwa nimechekwa bure. Ukimwona, mwambie kwa utaratibu haya niliyokuandikia kwenye karatasi ya pili: kwamba vyombo vinavyozunguka angani vinaonyesha mawingu kabla hayajafika, mkulima akajua mvua yake, na kwamba watoto wetu wana akili sawa na wa Ulaya. Yashike kichwani.

Kibwana, dereva wa lori la ushirika, atakukabidhi mfuko, na ndani yake mna darubini ndogo. Padre kaniazima. Ahadi yangu naitimiza nusu. Mwezi ukiwa mchanga, jua likishazama, ielekeze pale mwanga unapokutana na giza. Hapo kuna milima na mashimo. Niandikie ulivyoona, Bibi. Nina hamu kuliko wewe.

Mjukuu wako,
Valentini


Rondo
11 Juni 1972

Mume wangu,

Marahaba, na pole, maana nimekuchelewesha. Nina afya ya kutosha. Darubini ilifika salama na nimeifunga kwenye kanga yangu ya harusi.

Bi Somoe ametutoka. Mtani akifa, huwezi kukaa nyumbani. Nilikwenda, nikaomba kanga yake, nikajifunga, nikatembea kwa ule mwendo wake wa kuyumba, nikawafokea waombolezaji kwamba wali wao una mawe. Watu walicheka, binti zake wakanikumbatia wakalia. Mimi mwenyewe nilimpenda mwanamke yule.

Wanaume waliporudi kutoka kuzika, Nassibu alikaa ukumbini na kofia yake nzuri ya kufumwa. Nikamvua, nikaikalia. Unajua desturi: alichochukua mtani hakinyang'anywi wala hakikasirikiwi, kinakombolewa kwa atakachotaja mtani huyo. Watu wake wakaniletea doti ya kanga, nikakataa. Akaniuliza nataka nini.

Maelezo yako, mume wangu, yalinitoka yote. Hata neno moja sikuliona. Nikamwambia, "Kofia utaikuta kwangu jioni mwezi ukiandama. Uje mwenyewe, kichwa wazi." Amekubali. Sasa nangoja mwezi.

Mkeo,
Bibi


Kilwa Masoko
9 Julai 1972

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Ukimya wangu ulikuwa wa hasira, nakwambia kweli. Niliona umelifanya jambo langu la maisha kuwa kichekesho cha msibani.

Jana tulikuwa kwenye duka la ushirika, redio ikatoa habari za Bunge. Nassibu amekiombea fungu kituo chetu, Bibi! Katika hoja zangu hakutaja hata moja. Alisema ameuona mwezi Rondo, na ukingo wake umedonyolewa kama unga wa muhogo uliotembelewa na kuku, na ile sehemu ya giza nayo inaonekana kwa mbali, kama uso wa mtu ndani ya chandarua. Wabunge walicheka, kisha wakamwacha aendelee. Waziri akajibu kwamba mwaka huu fungu hakuna, visima kwanza. Evaristo alinishika bega.

Leo nimeletewa ujumbe. Anamtafuta mwalimu aliye mume wa Bibi Theresia, aende Lindi wakaiandae hoja pamoja kwa mwaka ujao. Nimelia kama mtoto.

Lakini hayo ya kuku na unga ni maneno yako, nakujua. Kwa hiyo umeuona. Uliuonaje, Bibi? Nataka kusikia kwako.

Mjukuu wako,
Valentini


Rondo
30 Julai 1972

Mume wangu mwenye hasira,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na mwalimu wa kisomo. Hii naiandika kwa kupapasa mstari, kwa hiyo ikipinda nisamehe.

Maneno yale si yangu, ni ya Nassibu. Tangu Aprili kila mwezi mchanga nilijaribu darubini yako. Ni weupe tu, sawasawa na nikitazama moto. Sikutaka kukuhuzunisha. Alipokuja, tuliiegemeza juu ya kinu, nikaweka jicho, nikaona weupe ule ule. Nikamwambia, "Mimi sioni. Wewe niangalizie."

Akapiga magoti na suruali yake ya Bunge. Akaweka jicho. Kisha akaanza kunisimulia, nami namuuliza: na pembeni je, na pale kwenye giza je? Akikosa neno namngoja alitafute. Hapo ndipo kuku akaja, na unga, na chandarua. Nikamwambia mume wangu mwalimu anaomba kituo cha kuangalia nyota hapa hapa Rondo. Hakuinuka mpaka mwezi ulipozama. Nililia kidogo, naye hakuniona, alikuwa bado mwezini.

Kofia aliisahau. Ninayo hapa. Ukienda Lindi, pitia kwangu kwanza uichukue umpelekee, na tafadhali usiulize korosho. Ila uje mwezi ukiwa mchanga, ili nawe uniangalizie.

Mkeo,
Bibi