Nyumba ya Nyangwe imeshasomewa Fatiha

Mama Dieudonnée wa redio, nakusalimia, nahitaji shauri lako kabla ya Ijumaa. Mimi ni Chadia, nauza vitenge Salamabila, na mama yangu Asma amebaki Kasongo katika nyumba ya kupanga, mwaka wa pili huu miguu yake haina nguvu, hatembei, kwa hiyo nilitaka kumnunulia pa kupumzikia, na mjomba Djamali akanitafutia nyumba Nyangwe, karibu na mto Lualaba, ya rafiki yake mzee Sumaili, tukaenda kuiona mwezi wa saba, uwanja mkavu, mto uko mbali kule chini, upepo mzuri, mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue, na siku hiyohiyo wazee wakakaa kwenye mkeka wakasoma Fatiha, mambo yakaisha, Ijumaa tutie sahihi kwa shefu wa kijiji. Wiki iliyopita nilirudi peke yangu kupima madirisha, nikaona chokaa mpya imepakwa kutoka chini hadi kifuani pangu tu, juu ukuta ni wa zamani, na mchikichi nyuma ya jiko una alama za kamba. Mama jirani akaniambia: "Mutumbwi yetu tunafungaka hapa mu mwezi wa ine. We haukuuliza?" Mjomba naye, nilipomweleza, akajibu: "Fatiha imeshasomwa, mutoto. Unataka kunipatisha haya mbele ya wazee?" Ndiye aliyenilea. Nifanye nini?

Chadia,

Pole kwa ugonjwa wa mama. Pole nyingine sikupi, maana nyumba ya kando ya Lualaba mliitazama kiangazi, mto ukiwa umelala, na mkamsikiliza muuzaji tu. Hakuna anayepaka chokaa nusu ukuta bila sababu: anaficha alama ya maji ya mafuriko.

Kuhusu Fatiha, mimi ni Mkristo, kwa hiyo nilivuka barabara kumuuliza imamu jirani yangu. Akasema: "Mwenye kuuza akificha kasoro, ni yeye ndiye amevunja." Basi haya anayoisema mjomba si yako. Ni ya mzee Sumaili, na kidogo ya mjomba, ambaye anaujua mwezi wa nne kuliko mimi.

Nenda Nyangwe kabla ya Ijumaa, na mjomba huyohuyo. Yule mama jirani awaonyeshe maji yalifika wapi mwaka jana, na mwaka ule uliokuwa mbaya kuliko yote. Fungueni shimo la choo mwone kama lina maji hata sasa. Ulizeni ukingo wa mto umemegeka hatua ngapi tangu nyumba ijengwe. Kisha waambie wazee kwa adabu, piga magoti ukipenda, kwamba hutasaini. Viwanja vya juu, kwenye mwinuko, vipo, na upepo unafika huko pia.

Mjomba atanuna msimu mmoja, mwache anune. Akishikilia kwamba nyumba ni nzuri, uliza mbele ya wote: mwezi wa nne, wewe ukiwa Salamabila na maji yakiwa mlangoni, nani kati yao atambeba mama Asma mgongoni? Atakayeinua mkono, huyo atie sahihi.