Mkono Wangu kwenye Video ya Mwese

Mpanda,
Jumapili jioni.

Kaka Ladislas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umerudi salama kutoka shambani na lile goti limepunguza kelele. Shemeji Marsela hajambo? Na mama, bado anagoma kunywa dawa mpaka abembelezwe? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia. Ningepiga simu, lakini najua ungepanda kule kwenye jiwe la mtandao, ukanisikia nusu, nusu ikachukuliwa na upepo. Jambo lenyewe halifai kusikika nusu, ndiyo maana nimempa Makoye wa pikipiki akuletee mkononi.

Tulipokuja Mwese uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu juu juu kwa sababu wenzangu walikuwepo. Kampuni yetu hutengeneza programu za simu, na idara yangu inaitwa Idara ya Uzoefu wa Mtumiaji, jina refu kuliko meza zetu. Kazi yetu ni kujua kama mtu ataiweza programu. Nathanael huchora kurasa za simu kwenye karatasi kwa penseli, tena kwa kufuta sana. Mimi huchagua maneno ya kwenye vitufe. Kisha tunawafuata watu waliko. Tunampa mtu simu, tunamwomba afanye jambo moja, tunarekodi video ya vidole vyake, na tunanyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Dada Angela, mkuu wetu, hutuambia tukalie mikono yetu, wala hatanii. Kule Ikola nimemwona mwenyewe ameikalia, jasho linamtoka, mzee mmoja alipokuwa akibonyeza alama ya betri akidhani ndiyo ya kuendelea. Siku yangu ya kwanza alisema kwamba hatupimi mtu, tunapima simu. Mtu akikwama, tumekosea sisi. Kila Jumatatu tunatazama video hizo pamoja na kuandika palipomkwamisha mtu, halafu Nathanael anarudi kwenye kifutio chake.

Ila watu wa kwetu hawasemi ubaya wa kitu kilicholetwa na mgeni. Kule Mishamo mama mmoja alihangaika na simu yetu mpaka ikazima, kisha akatuambia ni nzuri sana, Mungu atubariki, akatufungia na mahindi. Ndiyo maana tunaamini vidole kuliko midomo.

Na wewe ulisema ni nzuri. Tulikupa ile programu ya wahudumu wa afya wa vijijini kama wewe, ya kuita gari mjamzito anapozidiwa. Ulijaza jina, kijiji na dalili, taratibu, bila kosa hata moja. Ukabonyeza Hifadhi, tiki ya kijani ikatokea, ukaweka simu mezani ukasema gari limeshaitwa.

Gari halikuwa limeitwa, kaka. Mpanda mjini na Ikola, penye intaneti, taarifa hujituma yenyewe. Huko kwenu intaneti haifiki, inabidi itumwe kama meseji, ambayo hupenya hata mtandao ukiwa hafifu, kwa kitufe kingine kilicho chini kabisa ya ukurasa, na wewe ulikuwa mtu wa kwanza kuijaribu mahali pa namna hiyo. Ile tiki ilisema tu kwamba maneno yako yametunzwa ndani ya simu. Angela na Nathanael walikuwa uani wakinywa uji wa shemeji. Nikanyoosha mkono, nikakibonyeza kile kitufe, na kwenye fomu yetu ya majaribio nikaandika kwamba umefaulu.

Programu ilikuwa igawiwe Jumatano hii kwenye vijiji vyote vya milimani. Ijumaa, tulipokuwa tunafunga mafaili, nilimkumbuka jirani yenu Scolastica na mimba yake ya miezi minane. Nikawaona wewe na yeye mmekaa mnaitazama tiki ya kijani, mnasubiri gari ambalo hakuna aliyeliita. Nikaifungua video yako, ambayo hakuna aliyeitazama kwa kuwa fomu ilisema umefaulu, nikamwonyesha dada Angela mkono wangu. Akasimamisha ugawaji, akaniuliza ni wangapi wengine niliowabonyezea. Nikamjibu ni wewe peke yako. Hakuuliza sababu, na nilishukuru, maana sababu hiyo ulistahili kuisikia wewe kwanza.

Nilikuonea aibu. Sikutaka wenzangu wamwone kaka yangu akikwama. Watu thelathini na mmoja wamekwama mbele ya macho yangu, na kila mmoja niliamini kosa ni letu. Kwako wewe tu niliamini kosa ni lako. Wewe uliyenifundisha herufi kwenye majivu ya jikoni! Wala hukuwahi kunishika mkono. Uliniacha nikosee, ukayasawazisha majivu, ukaniambia nianze tena. Nisamehe, kaka yangu.

Alhamisi watakuja tena Mwese na simu iliyorekebishwa. Nakuomba usiwasifie. Ukikwama, kwama mbele yao mpaka waone wenyewe.

Msalimie mama, mwambie dawa si adui yake. Wasalimie watoto, na Scolastica, na wote wanaoniulizia. Mimi nitakuja na gari hilohilo, ila nimekatazwa kuingia chumbani mtakamojaribia simu. Utanikuta jikoni kwa shemeji, nimekalia mikono yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Pudensiana