Mama Mukubwa Asipandishwe Lori

Jumatatu, 4 Juni 1956
Zahanati tangu asubuhi. Vidonda sita, jino moja. Mwenye jino alinipiga teke.

Mama Mukubwa Chola, dada yake mama, bado hasemi. Miezi tisa sasa, tangu ziwa limchukue mumewe. Aliolewa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki ninachoandikia, ambacho dada zangu wapekuzi hawakielewi. Daktari Mzungu ameamua: Ijumaa lori limpeleke hospitali ya vichaa, kusini kabisa. Simjui hata mmoja aliyerudi kutoka huko.

Nimebisha. Nimesema zamani watu kama yeye walitunzwa hapa hapa. Akasema, nionyeshe. Kumbe anakusanya habari za wagonjwa wa akili wa zamani. Amenipa daftari: uliza wazee, mmoja mmoja, faraghani, niwe nimemaliza Alhamisi.

Jumanne, 5 Juni
Nyumba saba. Daftari jeupe. Wote wamekuwa mabubu! Hata bibi yetu mzee, Banakulu Mulenga, ambaye husimulia kuzaliwa kwangu bila kuombwa. Nina hasira hadi kichwa kinauma.

Jumatano, 6 Juni
Mjinga ni mimi. Banakulu Mulenga amenifuata zahanati, akanigombeza kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, wagonjwa wote wakisikia: "Weye mutoto, unaingia nyumba ya mutu, unafunga mulango, unauliza nani alikuwaka na wazimu. Unatafuta mulozi?"

Kweli kabisa. Hapa kwetu anayeulizia ugonjwa wa mtu kwa siri anatafuta wa kumshtaki kwa uchawi. Najua hilo tangu utotoni. Karatasi ya Mzungu ilinisahaulisha. Kesho kwenye kichanja cha samaki, Banakulu amesema, mbele ya wote. Na mgonjwa mwenyewe awepo.

Alhamisi, 7 Juni
Furaha tupu!

Wanawake kumi na mmoja, samaki, moshi machoni. Walisimulia habari za mjane wa Kilwa, kisiwa cha humu ziwani kwetu, zamani, aliyerukwa na akili. Walimpigia ngoma za mizimu. Kisha hawakumwacha peke yake hata siku moja: leo nyumba hii, kesho ile, kisu mkononi, samaki wa kupara. Mwaka mzima, mpaka akapona. Niliandika mpaka kidole kikafa ganzi. Banakulu akasema ngoma zilikuwa tatu.

"Mbili," sauti ikasema nyuma yangu. "Mi nilikuwaka pale. Nilichota maji."

Mama Mukubwa!

Banakulu, mbishi yule, akashikilia tatu. Mama Mukubwa akashikilia mbili. Wakabishana hadi samaki wakaungua, nasi tukipiga vigelegele.

Ijumaa, 8 Juni
Nimemsomea daktari kila neno. Habari ya kisu imemfanya akunje uso. Akauliza, nani atamtunza? Nikataja majina kumi na moja. Akasema jina moja latosha. Nikasema halitoshi. Ameandika yote, na atamwona kila mwezi.

Lori limeondoka bila yeye. Nimekimbia hadi nyumbani, na sare yangu nyeupe, bila aibu.

Jumapili, 10 Juni
Baada ya kanisa. Leo ni zamu ya Banakulu Mulenga. Mama Mukubwa amelia, mara ya kwanza tangu msiba. Kwa sauti, muda mrefu. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Wanawake walikaa tu karibu naye. Alipomaliza aliomba ubwali, ugali wetu. Tumekula sahani moja.