Kuku wa 142857

Malinya, Ikolomani
Jumamosi jioni

Kwako ndugu yangu Phineas,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini baridi ya huko Kericho haijakuumiza kifua. Sisi hatujambo, mahindi yamekomaa, na mama bado anawasahihisha watu hesabu zao hata sokoni. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na usinibishie.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipigania paja la kuku? Mama alichoka na kelele zetu sita, akaandika 142857 kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, akampa kila mmoja tarakimu yake kwa umri: Zilpah Moja, mimi Mbili, mpaka wewe kitinda mimba, Nane. Tarakimu zilivyofuatana ndivyo tulivyochagua nyama. Jumapili iliyofuata aliizidisha kwa mbili, ikawa 285714: tarakimu zilezile, foleni ileile, ila sasa mimi ndiye niliyetangulia. Kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kila mtu alipata siku yake ya kuwa mbele na hakuna aliyebadilisha jirani. Wewe ulikuwa nyuma yangu, ukinifinya nisichukue paja. Kwa sita tu ndipo ilipokuwa 857142, siku yako. Wewe unafungua, mimi nafunga. Na kwa saba, 999999! Sote Tisa, hakuna wa kwanza, tunatia mikono pamoja. Nikikumbuka obusuma, ugali wetu ule wa moto, na vicheko vile, machozi hunitoka, sikufichi.

Siku hizi tunakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi tu, na mama bado anazidisha. Nafasi yako kwenye foleni tunairuka kimya kimya. Lakini tangu ulipouza fahali wa marehemu baba, yule wa kupigana, na mama akakukataza kukanyaga boma lake, kuna jambo nimeligundua. Akimaliza tano, mwezi unaofuata anatuambia ni saba. Sita haitaji kamwe. Mama huyu huyu aliyetuchapa kwa kuruka hatua!

Juzi nilimuuliza tukipukuchua mahindi. Kwanza alifoka kwamba sasa nataka kumfundisha hesabu. Halafu akasema ya sita haina wa kuifungua, na aliyemfukuza ni yeye mwenyewe, kwa hasira ya fahali mzee ambaye hata kupigana alikuwa ameacha. Phineas, mama yetu alilia.

Mwezi uliopita ilikuwa tano. Nilipomwambia nitakuandikia, hakuuliza nitasema nini. Alikwenda kuchagua jogoo wa mwisho wa mwezi huu, akamfunga mguu kando ya jikoni, akaniagiza nikuandikie jibu moja tu, mengine utayajua mwenyewe.

Zilpah na wote wanakusalimu, na mimi kuwapita wao. Hili hapa jibu la mama:

857142

Ni mimi dada yako, nitakayekula wa mwisho,
Kageha
(Mbili)