Jicho la Shemeji

Shoga, tumetoka kliniki sasa hivi. Mdogo wangu kanivua nguo mbele za watu!

Si unajua mwezi mzima kanuna, eti mumewe anamkonyezea fundi cherehani jirani yao? Leo shemeji kamkonyezea nesi. Mbele yetu! Na midomo anailamba!

Mdogo wangu kasimama: "Mzee mzima! Hata hujapimwa presha, ushaanza?"

Nesi kacheka mpaka kashika meza. "Mama, ni dawa yake ya kutuliza sauti za kichwani. Ndiyo inayomchezesha uso."

Daktari kauliza kama kwao kuna mwingine aliyechezwa uso hivyo. Shemeji akasema shangazi yake alimeza dawa hiyo hiyo, na mdomo ukamcheza hivyo hivyo. Basi huenda ni ya kurithi, kasema daktari. Wengine huzaliwa na miili inayochelewa kuivunja dawa. Watampima damu, dawa watambadilishia taratibu.

Nikadhani yameisha. Wapi! Mdogo wangu kamgeukia mumewe: "Na siku ile uliyonikonyezea mimi, ukanitoa kwetu, dawa ulikuwa ushaanza?"

"Lile jicho lilikuwa langu mwenyewe, mke wangu."

Na jicho likakonyeza tena.

Shoga, mdogo wangu kageuka kuangalia nani kasimama nyuma yake.