Kifuniko cha Nakiru

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Lodwar.
Nimechota maji. Nimefagia. Nimefanya hesabu za likizo. Nakiru hakufanya hesabu kwa kuwa hasomi. Ni binti wa mjomba, alitoka Nakalale mvua zilipokosa, na sasa nyumba nzima inamtazama yeye. Kifuniko cha tangi la petroli la Landrova ya idara ya mifugo kilianguka njiani. Nakiru ameunda kingine cha ngozi ya ngamia, kama vifuniko vya vyombo vya samli. Kimekauka, kimebana. Baba, ambaye ndiye dereva, amekionyesha mtaa mzima. “Hata harufu haitoki!” Ripoti yangu ya shule aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma.
Nina wivu. Hapa naweza kusema.

Jumatano, 7 Agosti
Landrova inaumwa. Ikiwashwa ni nzima. Ikienda kidogo inashtuka, inakohoa, inazima. Jumamosi Baba anapeleka dawa za mifugo Kakuma, na ameahidi kutuchukua. Mama yuko kwa bibi huko, siku zake za kujifungua zimekaribia. Leo Baba amesema gari bovu halipakii watoto.
Namtaka Mama. Yeye huwa ananitazama mimi kwanza.

Alhamisi, 8 Agosti
Fundi Barasa amesafisha plagi. Gari likaenda, likakohoa. Akasafisha kabureta. Likaenda, likakohoa. “Hili lina pepo,” akasema. Nakiru ndiye aliyeshika spana. Niliposogea, Baba akaniambia, “Kasome, mama.” Nilikaa kivulini na kitabu. Sikusoma hata ukurasa.
Lakini niliona kitu. Kila mara gari likizima, Baba hufungua tangi na kuchovya kijiti apime petroli. Akifungua, tangi linavuta pumzi: fyuu. Akifunga, gari linawaka. Wao wanaishukuru plagi.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimeamka nalo kichwani. Kopo la maziwa. Ukilitoboa tundu moja, maziwa hayatoki vizuri. Ukitoboa la pili, hewa inaingia, maziwa yanamiminika. Kifuniko cha zamani kilikuwa na kitundu. Nilidhani ni kutu. Cha Nakiru hakina.
Nikafurahi. Nikafurahi mno, mpaka nikajishuku. Kosa lipo kweli, au nimelitaka liwe lake? Hata hivyo nilipanga kulisema mbele ya Baba, fundi na majirani wote. Nilipanga na maneno.
Nikamkuta Nakiru nyuma ya nyumba anafunga nguo zake.
“Gari limeugua tangu nije, dada. Labda nina mkosi. Nitarudi kwetu, nyinyi mwende kwa shangazi.”
Maneno yangu yote yakapotea. Nikamwambia tu: ni kifuniko, hakipitishi hewa.
Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. “Kumbe nimeliziba pua!”
Tukatoboa kwa msumari. Baba akatufuma. “Nani kakuambia uharibu kazi nzuri hivyo?”
“Msomi wako,” akajibu Nakiru. “Washa kwanza, ndipo utupige.”
Akawasha. Akaenda, akapotea machoni. Tukasubiri. Akarudi bila gari kuzima hata mara moja. Fundi Barasa alikusanya spana zake. Baba alikitazama kitundu, akanitazama mimi, akasema niandae maji ya safari.

Jumapili, 11 Agosti. Kakuma.
Njia nzima halikukohoa. Mama hajajifungua bado. Alinikumbatia mimi kwanza, kisha Nakiru, na Nakiru akakaa naye muda mrefu zaidi. Nilipima. Bado nina wivu.
Jioni Baba alitoa ripoti yangu mfukoni. Ina alama za vidole vya oili. Akamsomea Mama polepole, somo baada ya somo, hadi maneno ya mwalimu mkuu.
Nakiru akamwomba arudie.